Jino la Tano la Kadi ya Ami

Ami aliiweka kadi juu ya meza yangu ikiwa imefungwa kwenye kipande cha leso kuukuu, akaifungua pole pole, pindo moja baada ya jingine. Ilikuwa kadi ya kijani, urefu wake kama rula ya shule, imejaa chipu nyeusi zenye miguu mingi, na ukingoni ina safu mbili za meno ya dhahabu, moja ndefu na moja fupi. Vumbi la mbao lilikuwa limejikaza katikati ya miguu ya chipu kama unga uliorowa ukakauka.

"Mwanangu, kompyuta imekufa," akasema. "Lakini hii nzima. Kijana wetu amenunua kompyuta mpya dukani, nzuri, ya haraka, ila hii haina pa kuingia. Nitafutie pa kuitia."

Ami si ndugu wa baba yangu kwa damu. Walikua pamoja Majengo, Mombasa, na tangu utotoni ndivyo nimwitavyo. Ana karakana ya useremala upande wa Shimanzi, na ndani yake kuna mashine ya kuchonga mbao iliyoletwa kwa meli miaka mingi iliyopita, mtumba kutoka Ujerumani. Mashine hiyo ndiyo inayoanza nakshi za milango: mnyororo wa pembeni, maua ya kwenye mfaa, duara za juu. Kisha mafundi wanamalizia kwa patasi, maana ukingo wa jani la mbao unataka mkono. Watu saba na nyumba zao wanategemea karakana ile. Mashine ikisimama, mlango wa wiki mbili unageuka wa mwezi na zaidi, na mwenye harusi hangoji.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, kwenye kibanda kidogo karibu na Mwembe Tayari. Nimezoea kuwaambia watu waache vitu vya zamani pale inapofaa kuviacha. Lakini kadi hii ilikuwa habari nyingine. Ndiyo inayozungumza na mota za mashine. Ukiitupa, itabidi utupe na vidhibiti vya mota, ubadili nyaya, ununue programu nyingine na umfundishe kila mtu upya. Kwa mzee wa umri ule, hilo ni kumwambia afunge karakana kwa maneno ya adabu. Sikutaka kuwa mtu wa kumwambia hivyo kabla sijatafuta.

Muuza kahawa alipita na dele lake, nikamwagizia Ami vikombe viwili na kashata. Nikaisogeza kadi kwenye mwanga.

Aina ya kadi ile inaitwa ISA. Ilizaliwa mwaka 1981 na kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ikiwa na upana wa biti 8, na mwaka 1984 IBM ilipotoa PC AT ikaongezewa kipande cha pili ikawa ya biti 16. Ndiyo sababu ya safu mbili za meno: ndefu ina meno 62, fupi ina 36. Njia hiyo inakwenda kwa mwendo wa megahezi 8 hivi, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii: hata ukiiweka kwenye bodi yenye prosesa ya kasi mara kumi, sloti, yaani tundu la kuchomekea kadi, inabaki na mwendo wake uleule. Kadi haina habari kwamba dunia imekimbia. Hilo peke yake lilinipa moyo.

Mwaka 1992 Intel walileta PCI, na kwa miaka mingi bodi zilikuwa na zote mbili, zile nyeusi ndefu za ISA zikipakana na nyeupe fupi za PCI. Kisha ISA ikaanza kutolewa. Chipu za Intel za mwaka 1999, kuanzia ile familia ya 810, hazikuibeba tena ndani yake. Bodi chache ziliendelea nayo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu ikatoweka madukani. Kompyuta aliyonunua kijana wa Ami ilikuwa na sloti za PCI Express tu na Windows 11 ndani. Hata tungepata namna ya kuichomeka kadi, Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, na programu ya Ami ni ya DOS, mfumo wa zamani wa kabla ya Windows.

Kila anayeniletea kitu cha zamani huniuliza kama kitaingia. Hilo mimi huliangalia mwisho. Kwanza nataka kujua nyuma ya sloti kuna nini: chipu gani inaipokea kadi, umeme gani unafika, nani anagawa namba za usumbufu (IRQ, ishara ambayo kadi huitumia kuiita prosesa), programu inaongea na kadi moja kwa moja au kupitia mtu wa kati. Kadi inaweza kukaa kwenye sloti sawasawa kabisa na isiseme neno.

"Si kuna adapta, kaka?" kijana aliniuliza. Naye alikuwa amekuja nyuma ya Ami, amejaa aibu kwa pesa aliyotumia. Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu alikuwa ameuliza swali la maana. Vipo vifaa vya kuunganisha kadi ya ISA na kompyuta mpya kwa waya wa USB. Vinasaidia pale ambapo programu inapita kwenye draiva inayojua kwamba katikati kuna USB. Ya Ami haijui. Inaandika moja kwa moja kwenye anwani 300 kwa hesabu ya heksi, kisha inasoma jibu papo hapo. USB ni kama tarishi, inakusanya barua na kuzipeleka kwa zamu. Mota iliyo katikati ya mkunjo wa ua haiwezi kungoja zamu.

Ipo njia nyingine ambayo mimi binafsi inanivutia mno. Kompyuta nyingi za baada ya ISA zilibaki na njia ndogo ndani ya bodi iitwayo LPC. Ina nyaya chache, lakini machoni pa programu inafanana na ISA ileile. Kwenye bodi kadhaa inatokeza kwenye pini za kuchomekea chipu ya usalama ya TPM, na wapenzi wa kompyuta za zamani wametengeneza vibodi vidogo vinavyoitoa ISA pale. Kwa kadi ya sauti ya michezo ya zamani ningejaribu kesho asubuhi. Kwa mashine yenye kisu kinachozunguka na kijana amesimama pembeni yake, hapana. Pale sitaki kitu kinachofanya kazi mara nyingi. Nataka kinachofanya kazi kila siku.

Njia ya heshima ni bodi za viwandani. Kuna zile ambazo kompyuta nzima ni kadi moja, inachomekwa kwenye ubao wenye safu ya sloti za PCI na ISA pamoja, na kuna chipu ya daraja inayoigeuza PCI kuwa ISA. Bodi za namna hiyo zilitengenezwa hata kwa prosesa za Pentium 4, Core 2 na za baadaye. Angekuwa mteja mwenye kiwanda, hapo ndipo ningemwelekeza bila kusita, mradi tu kadi yake haihitaji DMA, yaani kufikia kumbukumbu bila kupitia prosesa, kwa maana madaraja mengine hapo huteleza. Ya Ami inatumia anwani na usumbufu tu, ingefaa. Lakini nilipopigia hesabu bei, usafiri na ushuru, nikamwonyesha namba kwenye simu, Ami alikunja leso yake akanyamaza.

"Basi tutafute ya zamani kidogo isiyo ya zamani sana," nikasema.

Hiyo ndiyo hasa ilikuwa kazi. Kompyuta iliyokufa ilikuwa na Pentium ya megahezi 133. Niliifungua na sikuona sababu ya kuhangaika nayo: hewa ya chumvi na vumbi la mbao vilikuwa vimekaa juu ya bodi kwa miaka. Vumbi lile hufyonza unyevu na kuushika, na wakati wa kusi linakuwa kama kitambaa kilicholowa. Njia za shaba chini yake zilikuwa zimegeuka kijani na baadhi zimekatika. Nilichotaka ni bodi ya miaka michache baadaye, iliyotoka pale ISA ilipokuwa bado ni mwenyeji halisi.

Changamwe kuna wanunuzi wa vyuma chakavu wanaochukua bodi za kompyuta kwa kilo. Nilikwenda Jumamosi tatu mfululizo. Ukiwa mbele ya lundo la bodi huna haja ya kusoma kila kitu. Unatafuta ile sloti nyeusi ndefu. Ukiiona, unafuta vumbi kwa kidole gumba kwenye zile chipu mbili kubwa. Nilikuwa natafuta namba 82443BX na 82371, ambazo kwa pamoja ndizo Intel 440BX ya mwaka 1998. Ile 82371 inaibeba ISA ndani yake yenyewe, bila daraja wala ujanja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo familia bora kwa kazi ya namna hii: inapokea Pentium II na III, ina ISA, PCI na AGP ya kadi ya picha kwenye bodi moja, na imezoeleka kiasi kwamba hakuna tabia yake ambayo mtu hajaigundua.

Jumamosi ya tatu niliipata chini kabisa, imelaliwa na kasha la pikipiki. Sloti mbili nyeusi, prosesa ya Pentium III bado imo. Kapasita moja ilikuwa imevimba kichwa. Bodi nyingi za miaka ile na iliyofuata zilikufa kwa kapasita mbovu, kwa hiyo kuzitazama moja moja vichwani ni jambo la kwanza kufanya. Niliinunua kwa shilingi mia nne, nikaiosha kwa spiriti na brashi, nikaianika, nikabadilisha ile kapasita na jirani zake mbili.

Diski ya zamani ya Ami bado ilikuwa inasomeka, ikilia kama nyenje. Nilinakili kila kitu kwenye kadi ya CF, zile zilizokuwa zikitumika kwenye kamera kubwa, maana CF inaongea lugha ileile ya diski za IDE na adapta yake ni ya bei ndogo, haina cha kuzunguka wala kuziba kwa vumbi. Meno ya kadi niliyasugua kwa raba ya kufutia penseli hadi yakang'aa. Nikaichomeka. Nikaingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya kila kitu, nikatafuta IRQ 5 na kuiandikia iwe ya Legacy ISA, yaani ya kadi za zamani, ili kadi yoyote ya PCI isije ikaipora. Jampa za kadi, vile vifuniko vidogo vya kuchagulia namba, zilikuwa zimekaa 300 na 5 tangu siku ilipotoka kiwandani, na sikuzigusa.

DOS ikapanda. Nikaita programu. Kioo kikaandika mstari mmoja: Runtime error 200.

Ningekuwa sijawahi kukutana nalo ningeilaumu kadi, au bodi, na labda ningerudi Changamwe Jumamosi nyingine. Kosa hili halihusu kadi kabisa. Programu nyingi za DOS ziliandikwa kwa Turbo Pascal, na zikianza huwa zinaipima kompyuta: zinahesabu mizunguko mingapi prosesa inaweza kufanya ndani ya mpigo mmoja wa saa, ambao ni milisekunde 55, kisha zinagawanya kwa 55 ili zijue milisekunde moja ina mizunguko mingapi. Jibu linatakiwa litoshee kwenye biti 16, yaani lisizidi 65,535. Aliyeandika hesabu hiyo hakutarajia prosesa za kasi hivi. Kwenye Pentium ya megahezi 133 jibu linatosha. Kwenye Pentium III linafurika, prosesa inalalamika, programu inafunga hapo hapo mlangoni. Upya wa kompyuta ndio uliotushinda, nami ndiye niliyetafuta kwa makusudi bodi mpya kuliko ile iliyokufa.

Viraka vya kurekebisha kosa hilo vipo, programu ndogo zinazobadilisha baiti chache ndani ya faili. Nilitumia kimoja kwenye nakala. Programu ikafunguka, tukashangilia, tukapeleka kompyuta Shimanzi, tukaifunga kwenye mashine. Ami akatia kipande cha msaji cha majaribio.

Kisu kiligusa mbao kabla hakijashika kasi. Badala ya kukata kilirarua, nyuzi zikasimama kama nywele. Ami hakusema kitu, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nikafikiri. Kiraka kile kinazuia hesabu isifurike kwa kuibakiza kwenye kikomo, 65,535, hata kama jibu la kweli ni kubwa kuliko hapo. Maana yake, kila mahali programu iliposema "subiri sekunde mbili kisu kishike kasi," ilikuwa inasubiri chini ya hapo. Programu ilikuwa imefunguka ikiwa na saa isiyo ya kweli mfukoni. Nikaitoa nakala yenye kiraka, nikarudisha faili la asili, nikaingia BIOS na kuzima kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya ndani ya prosesa. Bila kashe Pentium III inatambaa. Menyu za programu zilikuwa zikijichora mstari kwa mstari mbele ya macho yetu. Lakini hesabu ya mlangoni ilitoka chini ya kikomo, ikawa ya kweli, na sekunde mbili zikarudi kuwa sekunde mbili. Mwendo wa mota unaratibiwa na kadi yenyewe, kwa hiyo uzito wa menyu haukuharibu chochote. Ningetaka kila mtu anayetafuta "kompyuta mpya zaidi" kwa kadi ya zamani ajue kwamba kuna kazi ambazo kompyuta bora kwao ni ile unayoweza kuipunguza.

Kisha likaja la mwisho, ambalo lilinichukua siku nne.

Mashine ilikuwa inafanya kazi, lakini ikisimama bila amri, mhimili mmoja ulikuwa unatambaa. Polepole, unywele kwa unywele. Fundi mkuu wa Ami ndiye aliyeliona, kwa jicho, akaweka alama ya penseli kwenye reli na kuniita baada ya sala ya alasiri. Alama ilikuwa imeachwa nyuma kwa upana wa ukucha. Ua la kwanza lingetoka sawa, la kumi lingekuwa limehama mahali pake.

Nilipima nyaya, nikabadilisha kebo, nikahamisha kadi kwenye sloti ya pili. Usiku wa siku ya nne niliigeuza kadi nyumbani chini ya taa, nikaanza kufuata njia za shaba kwa ncha ya kijiti, jino moja moja. Upande wa nyuma wa kadi ya ISA, ukihesabu kutoka kwenye lile bati la kufungia, la kwanza ni ardhi, la pili ni la kuanzishia upya, la tatu ni volti 5. La tano ni volti hasi 5. Kwenye kadi nyingi jino hilo halina kazi, shaba inaishia palepale. Kwenye kadi ya Ami kulikuwa na uzi mwembamba wa shaba unaoondoka kwenye jino la tano, unazunguka kapasita ndogo ya manjano, na kuishia kwenye chipu iliyo karibu kabisa na soketi ya mota.

Asubuhi nilichukua testa na kupima pale. Hamna kitu. Nikaenda kwenye kompyuta iliyokufa, nikaiwasha pawa saplai yake ya zamani peke yake, nikapima waya mweupe: hasi 4.9.

Pawa saplai niliyokuwa nimeweka ilikuwa mpya, safi, ya bei nzuri. Pawa saplai za siku hizi hazitoi volti hasi 5 kwa sababu hakuna kitu kwenye kompyuta ya leo kinachoihitaji. Kanuni za ATX12V toleo 1.3 za mwaka 2003 ziliiondoa. Tundu lake kwenye plagi lipo, limeachwa wazi. Bodi yangu ilikuwa inapokea hewa na kuipeleka hewa hiyo kwa uaminifu hadi jino la tano. Ile sehemu ya kadi inayotoa amri kwa mota ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja, na kwa hiyo sifuri yake haikuwa sifuri.

Dawa yake ilikuwa kipande cha miguu mitatu kiitwacho 7905, kinachopatikana duka lolote la vifaa vya redio mjini kwa bei ya soda. Unakipa volti hasi 12 kutoka waya wa buluu, kinakupa hasi 5. Nilikichomelea kwenye kibodi kidogo pamoja na kapasita mbili, nikapeleka waya mweupe hadi tundu la 18 la plagi ya pini 20. Nawaomba wanaofanya hivi wawe waangalifu: miguu ya 7905 haifuatani kama ya 7805, mpangilio wake ni ardhi, kuingia, kutoka, na ukikosea unachoma kile ulichokuja kukiokoa. Nilipima mara tatu kabla ya kuichomeka kadi. Hasi 5.02.

Fundi mkuu aliweka alama nyingine ya penseli kwenye reli. Tulikwenda kula wali wa nazi, tukarudi. Alama ilikuwa mahali pake.

Tangu habari hii isambae nimekuwa nikiletewa kadi nyingi za PCI, nazo ni rahisi zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibokoni ana sandarusi tatu za kaseti za maulidi na za harusi za jamaa zake, anazihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza, kwa kadi ya sauti yenye njia nane za kuingizia. Bibi huyo aliwahi kuambiwa kwamba kadi yake haina faida tena. Nilimtazamia ule mkato kwenye meno: mkato ulio mbali na bati ni wa volti 5, ulio karibu na bati ni wa volti 3.3, na kadi yake ina yote miwili, maana yake inakubali popote. Kisha nikamtafutia kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile tunazoziita ex-UK, yenye chipu ya Q77 ya mwaka 2012.

Mwaka huo una maana. B75, Q75 na Q77 ni kati ya chipu za mwisho za Intel kubeba PCI yenyewe. Familia iliyofuata mwaka 2013 haina. Baada ya hapo ukiona sloti nyeupe kwenye bodi, nyuma yake kuna chipu ya daraja kutoka PCI Express. Daraja zuri halina neno. Bovu hupoteza usumbufu, na kwa mwenye kurekodi sauti hilo linasikika kama kokoto kwenye wali. Mimi nachagua Q77 kila ninapoipata. Dell OptiPlex 7010 ile ya mnara ina sloti ya PCI. Ile nyembamba ya jina hilohilo haina, na wauzaji huziandika sawa kwenye tangazo. Mwambie akupigie picha ya ndani kabla hujatuma pesa.

Kadi ya mwalimu ina chipu ya ICE1712, inayoitwa pia Envy24. Chipu hii ikitaka kuandika sauti kwenye kumbukumbu inahesabu anwani kwa biti 28 tu, yaani haifiki nje ya megabaiti 256 za mwanzo, hata uwe na gigabaiti 8. Draiva ya Linux inalijua hilo na kuitengea nafasi huko chini. Ndiyo sababu niliweka Linux, na hajalazimika kufikiria Windows 10 iliyoachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Nilipomtembelea mara ya mwisho alikuwa ameweka kaseti ya arusi ya dada yake, na sauti za vigelegele vya watu ambao wengi wametangulia mbele ya haki zilikuwa zinatoka kwenye spika bila mkwaruzo. Alizima, akafuta macho kwa upande wa mtandio, akaniuliza kama nimekula.

Kwa Ami nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati la mashine, nimeiandika kwa kalamu nzito na kuifunika kwa selotepu pana ili unyevu usiile: anwani 300. IRQ 5, Legacy ISA. Kashe ya ndani izimwe. Pawa saplai isibadilishwe bila kuhamisha kibodi cha 7905. Bodi ya akiba nimeshaipata, 440BX nyingine, imo kwenye sanduku la chuma pamoja na pakiti za chembe za kukausha unyevu na nakala mbili za CF. Kijana wa Ami ndiye aliyezijaza nakala hizo. Nilimkalisha mbele ya BIOS, nikasimama nyuma yake mikono mgongoni, akaitafuta IRQ 5 mwenyewe.

Alhamisi nilipita jioni. Mfaa wa msaji ulikuwa juu ya meza ya mashine, ua la saba linachongwa, na Ami alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na patasi mapajani, anangoja zamu yake.